Jenerali aliyeuliza faida ya vita ni ya nani

Katikati ya jiji la Dar es Salaam iko Sanamu ya Askari, ameinama mbele na bunduki yake yenye singe. Ilizinduliwa mwaka 1927. Nairobi na Mombasa nako ziko sanamu za ukumbusho wa vita vile vile. Watu hupanga miadi pale, hupiga picha, kisha hushika njia zao. Askari wa shaba hana maneno. Wenye maneno ni askari wa nyama na damu, lakini hao aghalabu tunawaona siku ya mashujaa tu, wamekaa kwenye viti vya plastiki, medali kifuani, wakipewa soda na kupigiwa makofi. Ni nadra mtu kumwendea mmoja wao na kumuuliza: Mzee, wewe uliyekwenda vitani, unayaonaje mambo ya leo?

Juma hili nimeonelea tumzungumzie askari mmoja wa Marekani ambaye hakungoja kuulizwa. Alisema juu ya siasa, akasema juu ya mabenki na hatifungani, akasema juu ya jeshi lenyewe lililomlea. Maneno yake ni ya miaka ya 1930, lakini yanahusu jambo ambalo halijazeeka. Mtu anayemshawishi kijana aende vitani, na mtu anayemshawishi mama atoe akiba yake aiweke katika mradi wa kutajirika upesi, hutumia lugha moja. Tena mara nyingine ni mtu yule yule.

Jina lake Smedley Darlington Butler, Meja Jenerali wa kikosi cha Marine, yaani wale askari wa majini wanaoteremshwa pwani kwenda kupigana nchi kavu. Alizaliwa mwaka 1881 katika jimbo la Pennsylvania, kwenye ukoo wa madhehebu ya Quaker, watu ambao imani yao inawakataza kupigana. Baba yake alikuwa mbunge. Mwaka 1898, Marekani ilipopigana na Hispania juu ya Cuba, kijana huyu alikuwa na miaka 16. Akadanganya umri wake, akaandikishwa. Alikuja kustaafu tarehe 1 Oktoba 1931, akiwa ametumikia zaidi ya miaka 33.

Alikopita ni kama mtu anayesoma ramani. Ufilipino mwaka 1899. China mwaka 1900 wakati wa uasi wa Boxer, ambako alijeruhiwa mara mbili. Honduras mwaka 1903. Nikaragua mara kadhaa kati ya 1909 na 1912. Veracruz, nchini Meksiko, mwaka 1914. Haiti mwaka 1915. Ufaransa mwaka 1918, na China tena mwaka 1927. Medal of Honor, ambayo ndiyo nishani ya ushujaa iliyo juu kuliko zote kwao, aliipata mara mbili. Ile ya Veracruz alijaribu kuirudisha, akisema hakufanya jambo la kustahili nishani hiyo. Wakubwa wake wakamjibu kwamba atakaa nayo na ataivaa.

Askari wa kawaida walimpenda. Huko Ufaransa alipewa kambi ya Pontanezen, karibu na bandari ya Brest, mahali palipokuwa bahari ya matope. Maelfu ya askari walilala hapo wakienda na kurudi kutoka vitani, wengi wakiugua. Bandarini zilikuwako mbao za kutandika chini kwenye mahandaki, zimerundikwa tu. Butler aliwaongoza watu wake wakazibeba begani hadi kambini, yeye mwenyewe akiwamo katika mstari, wakatandika njia na sakafu za mahema. Nayataja haya ili ieleweke kwamba mtu aliyekuja kuuita vita utapeli hakuwa mwoga wala mtoro. Alikuwa mtu wa kazi hiyo, aliyeijua mpaka jikoni.

Sasa twende Haiti, maana ndiko shina la habari hii liliko. Mwezi Desemba 1914 askari wa Marine waliteremka katika mji mkuu, Port-au-Prince, wakachukua dhahabu ya thamani ya dola 500,000 kutoka benki ya taifa ya nchi hiyo, wakaipakia melini. Dhahabu hiyo ilikwenda kuhifadhiwa New York, katika National City Bank, ambayo ilikuwa na hisa katika hiyo benki ya taifa ya Haiti. Julai 1915, baada ya rais wa Haiti kuuawa na umati wa watu wenye hasira, Wamarekani waliteremka tena, na safari hii walikaa hadi mwaka 1934, miaka 19.

Butler alikuwa miongoni mwao. Nishani yake ya pili aliipata kwa kuiteka ngome ya Rivière, iliyokuwa mikononi mwa wapiganaji wa Haiti waliokataa kutawaliwa. Baadaye akaunda na kuongoza jeshi la polisi la nchi hiyo. Chini ya uongozi wake raia walikamatwa na kutiwa katika kazi ya lazima ya kujenga barabara, desturi ambayo wazee wetu wa Afrika Mashariki waliijua vizuri chini ya wakoloni wao. Mwaka 1917 bunge la Haiti lilipokataa katiba iliyoletwa na Wamarekani, katiba ambayo ingewaruhusu wageni kumiliki ardhi, ni Butler aliyekwenda na askari wake kulivunja.

Basi msikilizaji, usinielewe kwamba ninakuletea malaika. Watu wa Haiti wana haki ya kumkumbuka kwa namna yao. Lakini huyo huyo, mwaka 1935, aliandika katika gazeti moja la kwao kwamba miaka yake mingi jeshini aliitumia kama mtu wa mabavu wa matajiri na mabenki, na kwamba alisaidia kuifanya Haiti na Cuba mahali pazuri kwa National City Bank kukusanyia mapato yake. Alizitaja na nchi nyingine, moja baada ya moja, na biashara ya nani ilifaidika katika kila moja. Wanaosema maneno hayo kutoka nje ni wengi. Mkuu wa jeshi anayeyasema juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe ni adimu.

Nakumbusha pia kwamba mwezi Juni 2024 polisi wa Kenya walitua Port-au-Prince, kuongoza kikosi kilichoidhinishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupambana na magenge ya wahuni. Mazingira ni tofauti na kibali ni tofauti. Lakini Mkenya ambaye ndugu yake alitumwa kule anafanya vizuri kuijua historia ya mitaa ambayo ndugu huyo aliipiga doria, na kujua kwa nini mzee wa Haiti humtazama mara mbili mtu mwenye sare aliyetoka ng'ambo.

Turudi kwenye fedha. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, serikali ilihitaji mikopo kutoka kwa wananchi. Ikatoa hatifungani zilizoitwa Liberty Bonds. Uuzaji wake ulikuwa shamrashamra. Wacheza sinema mashuhuri, akina Charlie Chaplin, Mary Pickford na Douglas Fairbanks, walizunguka miji wakihutubia makundi makubwa ya watu. Asiyenunua alionekana msaliti. Kwa mara ya kwanza mamilioni ya Wamarekani wa kawaida, mafundi, walimu na wakulima, walizoea kushika karatasi yenye ahadi ya faida.

Askari naye hakuachwa. Butler anatupa hesabu yake. Askari alilipwa dola 30 kwa mwezi. Kama ana wategemezi, nusu ilikatwa ikapelekwa kwao. Karibu dola 6 zilikatwa za bima. Kilichobaki, aliminywa mpaka anunue hatifungani, kiasi kwamba siku ya mshahara wengi waliondoka mikono mitupu. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa handakini alikuwa akiikopesha serikali fedha za kununulia risasi anazopiga mwenyewe. Vita vilipokwisha, akarudi nyumbani, kazi hakuna, njaa inagonga. Akaiuza ile hatifungani ya dola 100 kwa dola 84 au 86. Wanunuzi walikuwa mabenki. Bei ilipopanda tena hadi kupita 100, faida ikawa ya aliyeweza kungoja.

Wakati huo huo, anasema Butler, kampuni ya du Pont iliyotengeneza baruti, ambayo kabla ya vita ilipata faida ya wastani wa dola milioni 6 kwa mwaka, ilipata milioni 58 kwa mwaka wakati wa vita. Bethlehem Steel, watu wa chuma, walitoka milioni 6 wakafika milioni 49. Hizo hakuzisikia vilabuni. Zilikuwa takwimu zilizojulikana na kuchapishwa.

Somo la Liberty Bonds halikuishia hapo. Wale mawakala waliokwisha kujifunza kumuuzia karatasi mtu wa kawaida walibaki na ujuzi wao, na wanunuzi walibaki na mazoea yao. Ikaja miaka ya 1920, miaka ya kelele za utajiri. Mtu mwenye dola 10 aliweza kununua hisa za dola 100, zile 90 zikiwa mkopo kutoka kwa dalali, akitumaini bei itapanda alipe deni na abaki na chake. Kinyozi na dereva wa teksi walizungumza habari za hisa. Ile ile National City Bank ilikuwa na kampuni yake ya kuuza hatifungani, na mawakala wake walizunguka nchi nzima. Katika miaka ya 1927 na 1928 waliuza hatifungani za serikali ya Peru zenye thamani ya dola milioni 90, hali ndani ya ofisi zao zilikuwamo taarifa kwamba Peru ni mdaiwa wa kutiliwa shaka. Mwaka 1931 Peru ikashindwa kulipa. Mambo hayo yalifichuliwa mbele ya kamati ya Seneti mwaka 1933, na mwenyekiti wa benki, Charles Mitchell, akalazimika kujiuzulu.

Tazama mviringo huo, msikilizaji. Benki moja. Kule visiwani inalindiwa madai yake na askari wanaolipwa dola 30. Huku nyumbani inawauzia jamaa za askari hao madeni ya nchi nyingine ambayo yenyewe inajua hayana uhakika. Hatari ni ya askari na ya mnunuzi. Ada na faida ni ya mwenye dirisha.

Kipimo cha Dow Jones, kinachoonyesha bei za hisa za New York, kilifika 381 tarehe 3 Septemba 1929. Tarehe 8 Julai 1932 kilikuwa 41. Aliyekuwa na thamani ya shilingi mia alibaki na shilingi kumi na moja hivi, na aliyenunua kwa mkopo alikwisha kupoteza zote siku nyingi.

Ni mwezi huo wa Julai 1932 ambapo Butler, akiwa sasa raia mstaafu, aliingia katika habari ya maandamano ya bonasi. Mwaka 1924 bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwafidia askari wa Vita vya Kwanza, dola 1 kwa kila siku ya utumishi nyumbani na dola 1 na senti 25 kwa kila siku ya ng'ambo. Lakini wengi hawakupewa fedha. Walipewa cheti, na cheti kilisema kitalipwa mwaka 1945. Uchumi ulipoanguka, wenye vyeti hivyo walikuwa wakipanga foleni ya supu. Wakaanza kuuliza: Kama deni ni letu, tulipwe leo tungali hai.

Wakasafiri kutoka kila upande, wengine wakidandia mabehewa ya mizigo, wakakusanyika Washington. Askari wenyewe walikadiriwa kufika 17,000, na pamoja na wake na watoto idadi ilipita 40,000. Walijenga vibanda vya mabati na maboksi kwenye uwanda wa Anacostia. Walipanga mitaa, wakawa na zamu za usafi, na wakakaa pamoja weupe na weusi, jambo ambalo jeshi lao lenyewe halikuliruhusu. Tarehe 15 Juni baraza la wawakilishi likakubali walipwe. Tarehe 17 Juni Seneti ikakataa kwa kura 62 dhidi ya 18. Wengi hawakuondoka. Hawakuwa na pa kwenda.

Butler aliwatembelea tarehe 19 Julai. Aliwaambia kwamba wana haki ya kulishawishi bunge sawa na makampuni ya chuma yanayolishawishi kila siku bila mtu kuyaita wahuni. Aliwaambia pia wasivunje sheria, maana siku watakapoivunja ndipo watakapopoteza huruma ya wananchi. Akakaa nao usiku, akasikiliza shida zao.

Siku tisa baadaye, tarehe 28 Julai, polisi walipojaribu kuwaondoa baadhi yao katika majengo ya mjini, ghasia zilizuka na askari wastaafu wawili wakapigwa risasi wakafa. Rais Hoover akaita jeshi. Likaja likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur, likiwa na farasi, vifaru na mabomu ya machozi, na usiku huo vibanda vya Anacostia viliwaka moto. Jeshi la Marekani lilikuwa limewafukuza askari wa Marekani, wengine wakiwa na medali zao kifuani. Mwaka huo Butler, ambaye ukoo wake ulikuwa wa chama cha Republican tangu zamani, alizunguka akimpigia kampeni Roosevelt.

Inafuata habari ambayo ingekuwa tamthilia kama isingetolewa chini ya kiapo. Mwaka 1933 alifika nyumbani kwa Butler wakala mmoja wa hatifungani, Gerald MacGuire. Alimtaka aende kwenye mkutano mkuu wa chama cha askari wastaafu mjini Chicago, ahutubie, adai kwamba dola irudishwe kwenye kiwango cha dhahabu. Hoja yake ilikuwa ya huruma tupu: bonasi ya askari ilipwe kwa fedha yenye thamani, isiwe karatasi. Butler alisema wakala huyo alimwonyesha kitabu cha benki, na siku nyingine akamtupia kitandani noti za dola elfu moja moja. Jenerali akajiuliza, hawa matajiri wameanza lini kuihurumia bonasi ya askari, walioipinga jana? Akatambua kwamba waliokopesha watu fedha ndio waliotaka dhahabu, na askari alitafutwa awe tarumbeta yao.

Mwaka 1934, kwa ushahidi wake, ombi lilikua. Alitakiwa aongoze jeshi la wastaafu 500,000 kwenda Washington, wamsukume kando Rais Roosevelt. Butler alikwenda kuyasema hayo mbele ya kamati ya bunge mwezi Novemba mwaka huo. MacGuire alikana. Magazeti makubwa yalimcheka jenerali. Kamati, katika taarifa yake ya 1935, ilisema imeweza kuthibitisha sehemu kubwa ya maelezo yake. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa, na wanahistoria bado wanabishana njama ile ilikuwa imefika umbali gani. Kwa mazungumzo yetu ya leo linalotutosha ni hili: wenye fedha walijua kwamba sauti ya askari mstaafu ina thamani, na walikuwa tayari kuinunua. Askari mwenyewe ndiye aliyekuwa hajui.

Mwaka 1935 Butler akachapisha kijitabu chake, War Is a Racket, ambacho jina lake kwa Kiswahili chetu ni kwamba vita ni utapeli, mradi wa wachache unaolipiwa na wengi. Alipendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla kijana hajaandikishwa jeshini kwa lazima, mtaji na viwanda viandikishwe kwa lazima, na kila mkurugenzi, mwenye benki na mbunge apokee dola 30 kwa mwezi kama askari wa handakini. Pili, kura ya kuamua vita ipigwe na wale tu watakaokwenda kupigana. Tatu, jeshi liwe la kulinda nchi yenyewe, na manowari zisivuke maili 200 kutoka pwani.

Pendekezo la kwanza linachekesha, lakini hebu jaribu kulipinga. Mwenye kiwanda cha baruti akilipwa sawa na koplo, kelele za vita zitapungua au zitaongezeka? Nadhani kila mtu anajua jibu.

La tatu ndilo linalonikwaza mimi, na ni lazima tuliseme kama watu wa Afrika. Agosti 1935 Marekani ilipitisha sheria ya kutofungamana, na Oktoba Mussolini akaivamia Ethiopia. Kwa sheria hiyo silaha hazikuuzwa kwa upande wowote. Inasikika haki. Lakini Italia ilikuwa na viwanda vyake vya silaha, na Ethiopia haikuwa navyo. Mafuta hayakukatazwa, kwa hiyo makampuni ya Marekani yaliendelea kuyauzia magari na ndege za Mussolini. Addis Ababa ikaanguka Mei 1936. Butler alikuwa ameonja ubaya wa Mussolini mapema: mwaka 1931 alisimulia hadharani kwamba kiongozi huyo alimgonga mtoto kwa gari akapita bila kusimama, na kwa maneno hayo aliwekwa chini ya ulinzi akingoja mahakama ya kijeshi, kabla ya kesi kuachwa. Alimjua mtu huyo ni wa namna gani. Dawa yake haikumpa Mhabeshi hata ngao. Addis Ababa ilikombolewa Aprili 1941 na majeshi yaliyotoka Kenya, na ndani yake walikuwamo vijana wa KAR wa nchi zetu. Kwa hiyo viko vita ambavyo mtu hukatazi kwenda. Butler alikufa tarehe 21 Juni 1940, Ufaransa ikiwa imekwisha shindwa na Hitler, na hakuishi kulijibu swali hilo.

Lakini kasoro ya dawa haifuti ukweli wa ugonjwa, na ugonjwa huo hata sisi tuliuguzwa nao. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, na ujira wa wengi wao haukuwafikia wajane wao. Mwaka 1919 maofisa wa Kizungu waliotoka vitani waligawiwa mashamba Kenya kwa bahati nasibu iliyochezeshwa Nairobi. Mwafrika aliyebeba mizigo yao alipata kipande cha kuvaa shingoni. Baada ya Vita vya Pili, kiinua mgongo kilipimwa kwa cheo na kwa rangi pia.

Na katika miaka ya karibu? Tangu 2005 maelfu ya Waganda, wengi wao waliopitia jeshini, walikwenda Iraki kulinda kambi za Wamarekani, wameajiriwa na makampuni binafsi. Waliotangulia waliahidiwa karibu dola 1,000 kwa mwezi. Kadiri makampuni yalivyoshindana kupata kandarasi, mshahara ukashuka mwaka hadi mwaka, na risasi hazikushuka. Huku nyumbani, Kenya ilishuhudia michezo ya upatu wa piramidi ikianguka miaka ya 2006 na 2007, na Tanzania ikaja na DECI, ambako watu walihimizwa kupanda mbegu wavune mara mbili, hadi serikali ilipoifunga mwaka 2009. Waliopanda ni nani? Mama lishe, mwalimu, na mzee aliyetoka kupokea kiinua mgongo. Kila mstaafu anajua kwamba juma lile fedha zinapoingia benki ndilo juma la kupata marafiki wapya.

Sisemi kijana asijiunge na jeshi. Nchi isiyo na walinzi ni nyumba isiyo na mlango. Wala sisemi mtu asinunue hisa au hatifungani. Ziko halali, zimesimamiwa, na zimewasaidia wengi. Ninachosema ni kwamba tujifunze kuuliza maswali ya Butler kabla ya kutia sahihi. Anayenihimiza, yeye mwenyewe ameweka nini? Mambo yakiharibika, nani atakayeumia? Yakinyooka, nani atakayepokea kwanza? Na ahadi hii imeandikwa italipwa lini, nikiwa hai au nikiwa kaburini? Wale wenye vyeti vya 1945 walilipwa hatimaye, kwa sheria ya Januari 1936 iliyopitishwa juu ya kura ya turufu ya Roosevelt mwenyewe, rais yule yule waliyempigia kura. Walilipwa kwa sababu hawakunyamaza. Na Vita vya Pili vilipokaribia mwisho, bunge la Marekani likatunga mwaka 1944 sheria ya kuwasomesha na kuwakopesha nyumba askari waliorudi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuiona Anacostia nyingine.

Kwetu nako wako wazee wa KAR wachache mno waliosalia, wako waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, na wako vijana waliorudi Somalia, Darfur na Kongo. Wana maoni juu ya bei ya unga, juu ya uchaguzi, juu ya mikopo ya simu, na juu ya vita vinavyotangazwa redioni. Wengine watatuambia tusiyopenda. Siku utakapokaa karibu na mmoja wao, mwache kwanza aseme ya leo, ya zamani atayafikia mwenyewe.